Njahi za Kangema

Jumatatu, 5 Mei

Mwanga mzuri leo, kabla mawingu hayajashuka kutoka mlimani. Nimepiga picha za mukimo dirishani. Majani ya malenge, mahindi mabichi, viazi vya Kinangop, vyote vimepondwa pamoja. Picha nyingi, moja tu imekubali. Halafu nikaula huo mukimo ukiwa baridi, nimesimama. Watu hudhani anayeandika habari za chakula anakula vizuri. Mimi hula baridi karibu kila siku.

Mwanzo wa mwezi ni makala ya "Ninachokula, Ninachosoma". Ninachokula: matunda damu ya Karatina, nayakata katikati na kuyanyunyizia chumvi na pilipili. Nduma za kuchemsha na chai isiyo na sukari. Ninachosoma: kitabu cha mapishi kikuukuu nilichopata kwa yule mama anayepanga vitabu chini karibu na soko. Kina madoa ya siagi ya mtu nisiyemjua. Ukurasa wa keki ya ndizi ndio mchafu kuliko yote, kwa hiyo keki hiyo lazima ni nzuri. Vitabu vya mapishi navisoma kama hadithi, kitandani, penseli mkononi. Pia riwaya ya upelelezi. Mpelelezi hajala chochote tangu sura ya kwanza. Simwamini.

Nimechapisha kwenye blogu. Wasomaji ni wale wale. Mwalimu mmoja mstaafu wa Othaya ameandika "Hongera". Huandika "Hongera" hata nikiandika habari za sukuma wiki.

Jumatano, 7 Mei

Wangechi ameanza kuweka video za mapishi. Wangechi ni mke wa Mwangi, kaka yangu mdogo. Wanaishi nyumbani kwetu Kangema, boma moja na Mama. Ana mtoto mchanga. Sijui muda anautoa wapi.

Nimefungua video nikitarajia chapati.

Ni Mama. Mama yangu, jikoni kwake, anapika njahi, yale maharagwe yetu meusi. Kwetu njahi ndicho chakula cha mwanamke aliyejifungua, cha kumrudishia damu na maziwa. Mama anazisonga na ndizi mbivu, moshi unampanda usoni, na anacheka. Wangechi anamuuliza kitu kutoka nyuma ya simu na Mama anacheka mpaka anashika kiuno.

Miaka yote nimemwomba nimpige picha akipika. Nilimwomba kwa upole, nilimwomba kwa hasira. Jibu lake lilikuwa moja: "Mimi si wa kuonyeshwa watu." Nikawa napiga picha za vyungu vyake bila yeye.

Nimeitazama video mara nyingi kuliko nitakavyokiri kwa mtu. Simu imeshikwa vibaya. Nusu ya muda unaona paa.

Alhamisi, 8 Mei

Video imesambaa. Walioitazama ni wengi, idadi siiandiki hapa. Watu wa Nakuru, watu wa Kisumu, watu walio ng'ambo wanalia ati wamekumbuka nyanya zao.

Mimi nimeandika blogu yangu tangu nilipokuwa nakaa chumba kimoja Ruring'u. Nilieleza tofauti ya viazi vya kwetu na vya Kinangop kama mtu anayeandikia kanisa. Yeye ameshika simu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine.

Nina wivu. Nimeuandika. Haujapungua.

Jumamosi, 10 Mei

Wangechi amepiga simu asubuhi, sauti juu. Hoteli moja ya Nanyuki imemwita. Wanataka yeye na Mama wawapikie wageni chakula cha nyumbani siku moja, na wakipenda, iwe kila mwezi.

"Wifi, wewe ndiye unajua mambo ya mahoteli. Nivae nini?"

Hoteli hiyo nimeiandikia barua pepe tangu mwaka juzi. Niliwatumia picha. Niliwatumia menyu. Safari moja walinijibu kwamba wamepokea.

Nikamwambia avae kitu rahisi. Nikamwambia hongera. Neno hilo likanikumbusha mwalimu wa Othaya na nikajidharau.

Nimeunguza vitunguu. Nimekaa na kitabu magotini na nimesoma aya moja mchana kutwa.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa naona jiko la Mama.

Nilikumbuka kwamba mtoto wa Wangechi anaitwa Kamau, jina la baba yetu, na kwa hiyo Mama humwita "mume wangu". Kila akipita na beseni: mume wangu umelala, mume wangu umekojoa. Wangechi amemletea Mama mume. Mimi nilimletea nini? Blogu.

Nimerudi nyumbani, nimefungua akaunti yenye jina la uongo na picha ya ua. Chini ya video nimeandika hivi:

"Huyo mzee analazimishwa. Njahi zenyewe hazipendi, tazameni, hata kijiko hatii mdomoni. Mkwe anamtumia kama pambo la jikoni."

Nikabonyeza. Nikahisi vizuri, kama mtu aliyepiga chafya iliyomsumbua.

Jumanne, 13 Mei

Nilidhani yangu itapotea katikati ya maoni mengine. Haikupotea. Watu wamerudi kuitazama video upya na kweli, Mama hali. Anasonga, anapakua, anampa Wangechi, anafuta mikono. Hagusi.

Sasa wamejazana. Mkwe mwenye tamaa. Mwachieni mama wa watu apumzike. Mmoja amesema jiko linaonekana chafu. Jiko la Mama! Linafagiliwa asubuhi na jioni, na majivu huzolewa kabla hayajapoa.

Nimetaka kufuta nilichoandika. Sijafuta. Bado kuna sehemu yangu inayosoma kila moja na kuhesabu kama ushindi. Naiandika hapa ili niione.

Alhamisi, 15 Mei

Wangechi amepiga simu akilia. Mwanzoni sikuelewa neno hata moja, mtoto naye alikuwa analia.

"Wifi, wananiita mnyonyaji. Aki, kwani mimi nimemlazimisha Mama? Yeye ndiye alisema nimshikie simu!"

Mambo yamefika kanisani kwao. Jana, baada ya mkutano wa akina mama, mmoja alimshika Mama mkono akamuuliza kama anatendewa vizuri nyumbani. Mbele za watu. Mama akarudi nyumbani, akamwambia Wangechi amsomee maneno yaliyoandikwa. Wangechi akamsomea yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema Nanyuki haendi, na simu isiingie tena jikoni kwake.

"Kuja uongee naye, Wifi. Wewe ndiye anakusikiza."

Nimesema nitakuja Jumamosi. Nimesema pole. Baada ya hapo nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na simu mkononi.

Nimefuta maoni yangu. Haikusaidia. Watu walikuwa wameshayanakili.

Jumamosi, 17 Mei

Nimepitia Othaya na Kiriaini, ukungu njia nzima, wachuma chai wamejifunika karatasi za nailoni. Nimefika Kangema na mkate na nanasi, kama mgeni.

Wangechi amekonda uso. Amenipa chai, amenipa mtoto nimshike kidogo, kisha akamchukua akaenda kumlaza ili niachwe na Mama.

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni anamenya viazi. Nimevuta kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno.

"Umekuja kuniomba niende Nanyuki?" akauliza.

"Wangechi ameniomba nikuombe."

"Na wewe? Unataka niende?"

Nikachukua kiazi, nikakigeuzageuza. Yeye akaendelea kumenya. Ganda linatoka refu, halikatiki, ndivyo amemenya maisha yake yote.

"Ulikuwa msichana wa shule," akasema. "Tulienda kumwona jirani aliyekuwa amejifungua. Tukapewa njahi. Unakumbuka nilifanya nini na zangu?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka vizuri mno. Alizimimina kwenye bakuli langu wenyeji walipogeuka, akaniambia nimalizie. Njiani akanieleza. Aliponizaa mimi, mama mkwe wake alikuwa akikaa mlangoni kila siku mpaka bakuli liishe, na Mama akitapika anapakuliwa upya. Tangu hapo njahi hazipiti kooni mwake. Anazipikia wengine, kwa sababu mwanamke aliyejifungua lazima apikiwe. Kuzila, hapana.

"Baba yako alikufa bila kujua," Mama akasema. "Mwangi hajui. Wangechi nimempikia hizo njahi mwezi mzima, hajui. Mtu niliyemwambia duniani ni wewe."

Akaweka kiazi kwenye maji.

"Sasa huyo mwenye picha ya ua amejuaje?"

Nilitaka kusema labda ameona tu kwamba huli. Neno lilifika mdomoni. Nikamtazama na nikashindwa.

"Ni mimi, Mama."

"Najua ni wewe. Nilijua Wangechi alipofika kwenye njahi."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Ati binti yangu ametoka na neno langu akalitupa njiani?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nikamwambia yote, vibaya, bila mpangilio. Kwamba nilimwomba miaka na akanikatalia. Kwamba akiwa na Wangechi anacheka. Nilisema kama mtoto, na nina miaka ya kuwa na watoto.

Akafuta kisu kwenye sketi.

"Wangechi alikuja kwangu kutoka kwa watu wengine," akasema. "Mtu aliyetoka kwao ukamchukua, unamchekea, ili asijione yuko ugenini. Wewe sikukuchekea kwa sababu nilidhani unajua uko kwenu." Halafu akaongeza, "Na wewe ukija na kamera yako unanihamisha. Sogea huku, Mama, kuna kivuli. Yule hanihamishi. Ananiuliza tu."

Nililia. Akaniacha nilie, akamaliza viazi.

Alipoingiza vile viazi ndani akasema kutoka gizani mwa jikoni: "Utamwambia Wangechi mwenyewe. Mimi sitakubebea."

Jumapili, 18 Mei

Nililala huko. Sikupata nafasi jana, au nilijifanya sikuipata. Leo baada ya kanisa nilimkuta Wangechi anaanika nepi. Kamau alikuwa kitandani kwenye veranda, akaanza kulia, nikamwinua. Nikasema nikiwa nimemshika. Sijui kwa nini. Labda nilidhani mtu hampigi aliyebeba mtoto wake.

Hakunipiga. Alisimama na nepi mbichi begani, maji yanashuka kwenye blauzi. Kisha akaja akamchukua Kamau mikononi mwangu, polepole, kama unavyopokea sufuria ya moto kutoka kwa mtu unayeona ataiangusha.

"Nilikuuliza nivae nini," akasema.

Hilo tu. Akaingia ndani.

Mwangi alinisindikiza hadi barabarani bila neno. Kwa hiyo amejua.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeandika chini ya video kwa jina langu halisi. Kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Kwamba huyo ni mama yangu na hajalazimishwa na mtu. Kwamba Wangechi hana kosa. Sikueleza sababu ya Mama kutokula. Hiyo imebaki pale ilipokuwa, au kiasi chake kilichobaki.

Nimetukanwa kutwa. Wengine wametoka kule wakaja kwenye blogu yangu kunitukana vizuri zaidi. Sijawahi kupata wasomaji wengi hivi. Nimecheka peke yangu, kicheko kibaya.

Nimewapigia hoteli. Nimewaambia mambo yalivyokuwa, nimewaomba wamwite tena. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Wameshapata mtu mwingine, mama mmoja wa Naro Moru.

Nimemtumia Wangechi ujumbe kumweleza hilo pia. Ameusoma. Hajajibu.

Ijumaa, 23 Mei

Sijapika kitu cha kupiga picha wiki nzima. Nimekula mkate na parachichi. Soko la Karatina nimelipita tu, sikushuka, wakati wa makabichi mazuri.

Kitu kimoja kinaniuma kuliko matusi. Siri ile nilikuwa nayo tangu utotoni na sikuwahi kuiona kuwa kitu. Nililala na kuamka nikihesabu alichopewa Wangechi. Kicheko, video, mume wa jina. Changu kilikuwa kimekaa hapo na mimi nikakitumia kama jiwe.

Bado nina wivu. Nilidhani aibu ingeumaliza. Wivu na aibu wamekaa pamoja, wamezoeana.

Jumatano, 28 Mei

Mvua tangu asubuhi. Mlima haujaonekana.

Wangechi ameweka video mpya. Nduma, anazimenya na kuzichemsha nje kwenye mafiga. Mama hayumo. Kuna mahali mkono unaingia kutoka pembeni, unasogeza kuni, unatoka. Nimeujua mkono huo. Nimeitazama mpaka mwisho, nikaandika "Nduma nzuri" kwa jina langu, nikaona ni maneno madogo mno, nikayaacha hivyo hivyo.

Nimechemsha viazi na kuvila vikiwa moto, mezani.

Jioni Mama akapiga simu. Ng'ombe amezaa. Chai inachumwa wiki ijayo. Kamau ameanza kutabasamu. Kisha akaniambia nije Jumapili.

"Wangechi amesema nije?"

Nikasikia mvua ya kwao kwenye simu, juu ya mabati.

"Hajasema usije," Mama akasema.

Nitaenda.