Ndoo ya Chumba cha Vitabu

12 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu tele. Afya yako vipi huko? Mimi mzima kama chuma, ila majukumu yamenielemea. Jumba hili la kale bila mimi lingeshakuwa kifusi zamani. Mkurugenzi mwenyewe hakati neno kabla ya kunitazama usoni.

Sasa tuko vitani. Vitabu vikongwe vimeota ukungu, utadhani vimepakwa unga. Wakaleta mashine ya kunyonya unyevu, wakamkabidhi nani? Mimi. Kila siku inajaza ndoo nzima, maji ya hewani, safi hata mvua inaona haya. Lakini mshale wa kipimo cha unyevu umeng'ang'ania asilimia themanini. Wakubwa wamesema usiposhuka kufikia mwisho wa mwezi ujao, vitabu vinahamishiwa mji mwingine. Na mlinzi wa vitabu asiye na vitabu, unajua anavyoishia.

Wewe si umesomea mambo haya? Niongezee kidogo, ingawa karibu yote nayajua.

Mjomba wako

20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Mama anakusalimu, anauliza hilo jumba ulilijenga mwaka gani.

Nijibu bila kutia chumvi. Mvua ikinyesha, madirisha mnafunga? Makabati yameachana na ukuta? Na ndoo ikijaa, maji unayamwaga wapi? Mashine ikinyonya ndoo nzima kila siku na mshale hauteremki, basi maji yanarudi humo humo. Tafuta yanapopitia. Sitaki kusikia umefukuzwa, Mjomba.

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba mara mia. Huko mnaendeleaje? Huku kifua hakitoshi ndani ya shati: mshale umelala hamsini na tano, vitabu havitoki. Ukungu tumeupangusa kwa brashi laini, ukurasa kwa ukurasa. Mkurugenzi alinishika mkono mbele ya watu akaniuliza siri yangu. Nikamwambia, "Utafiti." Wakapiga makofi mpaka njiwa wakahama paa.

Mama yako msomee mpaka hapo tu, asije akacheka akakosa pumzi.

Siku niliyopata barua yako, nilipofika pale ulipouliza maji nayamwaga wapi, nilitafuta kiti nikaketi. Maji safi vile, nani ana moyo wa kuyatupa? Kila jioni nilikuwa nayapigia deki.

Chumba hicho hicho cha vitabu.

Mjomba wako