Nta Niliyompakia Bi Torunn

Eivind, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Unaijua karakana yangu ya baiskeli na skii, zile mbao za kutelezea thelujini, kule chini ya nyumba, yenye shairi langu la majigambo mlangoni. Jana jirani yangu Bi Torunn alitaka kupaka nta skii zake za mashindano ya leo. Miaka arobaini anapaka mwenyewe. Nikamwambia, "Mambo ya kizamani hayo, bibi. Niachie mimi fundi."

Eivind, nilipaka nta ya kuteleza mpaka katikati! Katikati, pale panapotakiwa nta ya kushika theluji!

Kilima cha kwanza tu, akaanza kurudi nyuma. Anapiga hatua, anarudi. Anapiga hatua, anarudi. Mwishowe akazivua, akapanda kwa miguu, kijiji kizima kinatazama.

Kule juu Asbjørn, mmoja wa watazamaji, akamdaka: "Wee Torunn, leo nani kakupakia siagi?"

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Bi Torunn akaniangalia. Akaniangalia, Eivind! Halafu akasema, "Nimepaka mwenyewe. Macho haya yameshachoka."

"Basi mwakani kaa nyumbani, bibi, utuchemshie kahawa!"

Wakacheka. Na mimi, mwenye mdomo wote huu, nikacheka nao.

Nikacheka nao.

Nimeandika ujumbe wa kundi la kijiji kwenye simu: "Nta ile niliipaka mimi, na nilinyamaza." Bado sijautuma. Nikishakutumia huu wewe, natuma na ule.