Chupa ya Damu ya Mama Mkwe

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi na upepo.

Ko. Ko.

Ni sauti ya viganja viwili vilivyokunjwa kidogo, vikigongana polepole. Tangu juzi haijanitoka masikioni.

Kwetu Ufipa mtu akipewa kitu huchuchumaa na kupiga makofi namna hiyo. Anayepokea ndiye anayepiga. Lakini juzi, Alhamisi, pale maabara ya hospitali, aliyepiga ni aliyetoa. Mama mkwe wangu aliteremka kwenye kitanda cha kutolea damu, pamba imebanwa kwenye kiwiko, akachuchumaa mbele ya bwana wa maabara na kupiga makofi mawili. Alikuwa anamshukuru kwa kuichukua damu yake.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua jambo ambalo yeye hakulijua.

Nikanyamaza.

Sasa nimekaa kwenye kompyuta ya mwisho, ile iliyo ukutani, hapa kwenye duka la intaneti. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinakataa. Nje vumbi linazunguka barabarani na watu wanatembea wameinamisha vichwa. Sijui nani anasoma haya. Wiki zilizopita kwenye blogu hii niliandika kuhusu ukungu, kuhusu wanafunzi wangu, kuhusu vitabu. Sikuwahi kuandika kuhusu tumbo langu. Leo nitaandika, maana nikiendelea kulificha nitapasuka.

Nina miaka thelathini na mmoja. Nafundisha biolojia sekondari. Nimechora kizazi ubaoni mara nyingi kiasi kwamba naweza kukichora nimefumba macho: mfuko katikati, mirija miwili kama mikono iliyonyooshwa, na vifuko vya mayai mwishoni. Wanafunzi wa kidato cha tatu hucheka, nami huwaambia acheni utoto, hiki ni kiungo kama viungo vingine.

Nilikuwa nawadanganya. Si kama viungo vingine.

Changu kimejaa uvimbe. Daktari alihesabu kwenye picha, kisha akaacha kuhesabu. Ni mwaka wa pili sasa nikitokwa na damu, si siku tano wala saba, ni wiki mbili, wiki tatu, napumzika kidogo, inaanza tena. Darasani navaa kitenge cheusi. Mwezi wa tano nilisimama nimeegemea meza ya mwalimu dakika arobaini nzima, nikawaambia wanafunzi watangulie kutoka, na walipokwisha kutoka wote nikafuta sakafu kwa kanga yangu. Kabla ya hapo niliwahi kubeba mimba moja. Ilifika miezi minne. Sitaiandika hiyo.

Wiki iliyopita nilianguka ofisini. Ndipo daktari akaniambia nisichelewe tena.

Ni mtu mpole, ana tabia ya kuzungumza akiwa anachora. Alichukua karatasi, akachora mchoro wangu uleule wa ubaoni, vibaya kuliko ninavyouchora mimi, akanionyesha njia zilizopo. Anaweza kujaribu kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi. Lakini ni mwingi, umejikita ndani ya ukuta, na ninaweza kutokwa na damu nyingi mezani. Damu ikigoma kusimama, atalazimika kukitoa chote kwa haraka, nikiwa tayari nimedhoofika. Na hata akifaulu, uvimbe unaweza kuota upya. Au anaweza kutoa kizazi na kuacha shingo yake. Au kutoa vyote viwili, kizazi na shingo, na kuacha vifuko vya mayai, ili mwili wangu usizeeke kabla ya siku zake. Kuna pia kwenda Mbeya kwa daktari bingwa, na huko pengine wangejaribu kukiokoa.

"Ila kwa damu uliyo nayo sasa, mwalimu, ile barabara sikushauri," alisema. "Na mimi sikusukumi. Ukiamua, uniandikie hapa."

Akaniwekea fomu mbele yangu. Ina mstari wa kujaza kinachotolewa, mstari wa saini yangu, mstari wa saini ya mume.

Niliuliza baada ya hapo nitegemee nini. Aliniambia taratibu, kana kwamba anamwelekeza mgeni njia. Siku kadhaa wodini. Mrija wa mkojo siku ya kwanza. Tumbo kujaa gesi, na maumivu ya gesi mara nyingine makali kuliko ya kidonda. Wiki sita bila kubeba ndoo, bila jembe, bila kukutana na mume. Damu kidogo mwanzoni, kisha basi. Hedhi hutaiona tena. Unaweza kulia bila sababu.

"Sababu nitakuwa nayo," nilimwambia.

Akaangalia mchoro wake.

Festo, mume wangu, ni bwana shamba huko bondeni upande wa Ilemba. Hupanda kuja nyumbani mwisho wa wiki akipata gari. Jumapili iliyopita nilimpa fomu. Aliisoma mara mbili, akatia saini kwenye mstari wake, akauacha ule mstari wa kinachotolewa ukiwa mtupu.

"Utakavyoona wewe," alisema. "Mimi nakutaka wewe."

Ni maneno mazuri. Mwanamke mwingine angeyashukuru. Mimi niliyachukia, kwa sababu yaliniacha peke yangu na kalamu. Kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe wa jirani Msukuma waliokuwa wameingia kwenye mahindi, na nikamsikia huko nje akicheka na yule jirani. Nilimchukia kwa kicheko hicho pia. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba, amesimama ameushika uzio, hacheki.

Hospitali walitaka ndugu wawili watoe damu kabla sijapangiwa siku. Hapo ndipo siri ilipotoka. Huwezi kumwomba mtu damu bila kumwambia ya nini. Festo alikuwa ametoka kuugua malaria, wakamkataa. Akajitolea mwalimu Ambakisye wa hesabu, Mnyakyusa mmoja asiyejua kukaa kimya.

"Dada, damu yangu nakupa," alisema, "ila ukianza kulilia ndizi za kwetu saa za usiku, shemeji asije kunidai."

Nilicheka mpaka tumbo likauma. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka kabla ya hiyo.

Wa pili alikuwa mama mkwe. Festo alimpigia simu kijijini kwao Chala, akamwambia mkewe amepungukiwa damu, basi. Siku ya pili mama akashuka kwenye basi na kuku mmoja na mfuko wa maharage. Nilipiga magoti, nikamwamkia. Alinishika shavu, akavuta kope yangu ya chini kama muuguzi.

"Mweupe kabisa," alisema. "Ndiyo maana mimba haikai. Mtoto atakaa wapi mahali pakavu?"

Njia nzima ya kwenda hospitali alinieleza. Kwamba yeye damu anayo, amekula mbegu za maboga maisha yake yote. Kwamba damu yake ikiingia kwangu itafunga kule kunakovuja, na mwakani wakati wa mavuno nitakuwa na mtoto mgongoni. Jina lipo. La marehemu baba mkwe. Amelitunza miaka tisa, hajalitoa kwa mtoto yeyote wa binti zake, anamsubiri wa Festo.

Nilikuwa na fomu kwenye mkoba. Ilikuwa inagusa mbavu zangu kila nikipiga hatua.

Ningeweza kumwambia barabarani. Ningeweza kumwambia kwenye benchi tulipokaa saa nzima. Nilijiambia ni mzee, ataogopa. Uongo. Ana miaka hamsini na nne na analima kuliko mimi. Ukweli ni kwamba niliihitaji ile chupa, na nilijua nikisema haitapatikana. Kwa hiyo nilimwacha alale pale, akunje na kukunjua ngumi, anitabasamie, huku damu yake ikiteremka kwenye mrija kwa ajili ya mtoto.

Kisha ko, ko.

Nina elimu. Watu huniita mwalimu mpaka sokoni. Na nimemwibia mwanamke asiyejua kusoma.

Jana sikutaka kula. Alichinja yule kuku, akanipa maini na mapaja, akakaa mbele yangu kuhakikisha nameza. Na nina ungamo lingine, baya kuliko hilo. Nilipojilaza mchana nikajiwazia bila kizazi, nikajiona natembea na kitenge cheupe. Nasimama ubaoni dakika arobaini bila kuegemea kitu. Naingia kanisani na kukaa benchi la mbele. Moyo wangu ukafurahi. Ulifurahi kabisa, kama wa mtoto. Nikaona aibu iliyonifanya nijifunike shuka mpaka kichwani. Mwanamke gani anafurahia hilo?

Lakini niliulizwa na mwili wangu, nikajibu. Nataka kuishi. Nilitaka mtoto, bado namtaka, na nataka kuishi. Nimegeuza mambo hayo mawili kila upande, hayakai kwenye tumbo moja.

Asubuhi ya leo mama alikuwa uani, juani, anachambua maharage kwenye ungo ili aniachie yakiwa safi kabla ya basi la saa nne. Nikakaa chini karibu yake. Nikachambua mawili, matatu. Kisha nikasema yote mfululizo, bila kupamba. Kwamba damu si ya kufunga kunakovuja. Kwamba ni ya kuniwekea wakinipasua. Kwamba wataondoa kizazi.

Mikono yake iliendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Kwa hiyo damu yangu ndiyo watakayokukatia nayo?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua, mimi nimelala pale?"

"Nilijua."

"Festo anajua?"

"Anajua."

Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa mbali. "Mimi nilizaa saba," alisema. "Wamebaki wanne. Ningejua, nisingetoa."

Nikamwambia nitamwendea bwana wa maabara, ile chupa yake nisiitumie, nitafute mtu mwingine hata kama siku itasogezwa. Aliweka ungo chini, maharage nusu safi, nusu bado, akaenda kufunga mzigo wake.

Nilimbebea ule mzigo mpaka stendi, japo sikutakiwa kubeba kitu. Pale kwenye mlango wa basi, mbele ya kondakta na wauza karanga, nilichuchumaa, nikakunja viganja, nikapiga. Ilikuwa zamu yangu tangu Alhamisi. Ko, ko. Vumbi lilikuwa linaniingia mdomoni. Alinipita. Alipanda.

Kondakta akasema, "Mama mwalimu, inuka, utapakwa grisi bure."

Basi lilipoanza kurudi nyuma, dirisha lake likafunguka. Hakuniangalia. Aliangalia mbele, kwenye kichwa cha abiria aliyekaa kiti kinachofuata.

"Ile chupa usiirudishe," alisema. "Na nani atakupikia uji?"

Basi likageuka. Sijui kama amenisamehe. Nadhani hajanisamehe. Nadhani ameliweka lile jina mahali ambapo hatalitaja tena, na kila nitakapomwamkia nitalisikia likikaa kimya kati yetu. Hilo pia ni katika yale ya kutegemea baada ya upasuaji, na daktari hakunichorea.

Kutoka stendi sikurudi nyumbani. Nilitembea dhidi ya upepo mpaka hospitali, nikisimama kila baada ya nyumba chache kuvuta pumzi. Benchi la nje lilikuwa tupu kwa sababu ya baridi. Nikatoa fomu, nikaiweka juu ya daftari la alama za wanafunzi, na kwenye ule mstari mtupu nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi kubwa zinazosomeka kutoka nyuma ya darasa: kizazi na shingo vitolewe, mayai yabaki. Nikatia saini juu ya ile ya Festo.

Sista wa wodi aliisoma, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina, lakini nimeandika.

Ameniambia upasuaji ni Jumatano. Nije Jumanne jioni na kanga mbili, sabuni na mtu wa kunipikia uji.

Fomu nimeiacha mezani kwake. Nilifika getini, nikasimama kidogo kama mtu anayetaka kuirudia, nikaendelea kutembea mpaka hapa.