Nyumba ya Manamba Imekuwa ya Wazazi

Kibondo,
Mvua za kwanza

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimejifunika kitenge mabegani, kwani baridi ya kwenu kumbe hukuisingizia. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima. Kazi ya ukunga inanichosha, lakini nalala vizuri.

Baba, nimeiona ile nyumba. Unakumbuka jioni zetu kambini, ukitoka kukata mkonge, unanawa miguu mlangoni huku Mama anasonga ugali? Ulikuwa ukituhadithia nyumba ndefu ya matofali ya Kibondo, yenye vidirisha vidogo karibu na paa, mlimolazwa sakafuni ninyi manamba, vibarua wa mkonge, mkingoja lori la kuwapeleka Tanga. Nilidhani ni hadithi ya kutulaza. Kumbe ipo! Siku ya kwanza nilisimama humo peke yangu, nikaitamani sauti yako.

Wakubwa wa wilaya walitaka kuibomoa ili matofali yajengee ghala. Nasi huku tulikuwa tunazalisha kwenye banda la nyasi linalovuja. Nikamwendea Bwana Maendeleo wa wilaya, Mpare mmoja mpole.

“Saruji haipatikani,” nikamwambia, “na kuta zile bado ni nzima. Tupeni sisi.”

“Sista, watu wa hapa wanaichukia nyumba ile. Hawataingia.”

“Tutaibadilisha waione.”

Akatuombea, tukapewa. Wananchi wakaja na majembe na sururu. Tulivunja ukuta tukaweka madirisha makubwa, tukapaka chokaa, mbao za milango ya zamani zikawa vitanda. Ilipendeza, Baba. Lakini Bwana Maendeleo alisema kweli: wanawake waliishia uani. Aliyekuwa mbele kukataa ni dada yako, Shangazi Bukuru.

Ndiyo, yu hai. Nilimkuta kijijini Kumsenga, akaniangalia kabla sijajitaja, akapiga makofi polepole kama mnavyosalimiana Waha. “Hilo paji la uso ni la pacha wangu Butoyi,” akasema, akikutaja wewe kwa jina la kwenu. Tulilia sote. Ila nilipoitaja nyumba alikunja uso. “Pacha wangu aliingia humo. Sikumwona tena.”

Mjukuu wake Yolanda ameolewa hapa mjini, na Shangazi alikuja kumngojea ajifungue. Uchungu ukaanza mchana, mvua ikipiga. Nilipompapasa tumbo nikajua mtoto ametanguliza miguu. Shangazi akamshikilia pale uani, wote wameloa.

“Mzalishe hapa hapa.”

“Shangazi, hapa nitawapoteza wote wawili.”

Akautazama mlango. Kisha akamshika Yolanda mkono, akatangulia yeye kuingia.

Ilikuwa kazi, Baba. Mtoto alitoka kimya, amelegea. Nilimpulizia pumzi, nikamsugua mgongo, nikampulizia tena, mpaka akalia. Nilipogeuka nikamwona Shangazi amekaa sakafuni, kiganja ukutani.

“Baba yako alilala upande gani?” akaniuliza.

“Sijui, Shangazi.”

“Basi nitakaa hapa.”

Alikaa mpaka mvua ikakatika. Walipokuwa wakiondoka, Shangazi akiwa amembeba kitoto, akaniambia, “Mwandikie ndugu yangu. Zamani watu waliingia humu wasirudi. Leo ameingia mmoja, wanatoka wawili.”

Tangu hapo wanawake wanaingia. Wengine huja na mama zao kuangalia tu madirisha.

Nisalimie Mama, mwambie chai ya mchaichai naitamani. Msalimie kaka Filipo wa kwenye mashine ya mkonge, awe mwangalifu na vidole vyake. Msalimie na Bibi Mwanahawa, jirani yetu aliyenifundisha kusuka ukili, na umwambie mkeka wake ndio ninaoulalia.

Baba, nikikuuliza kwa nini huendi kwenu, ulikuwa ukijibu kwamba huna wa kumrudia. Yupo. Panda treni mpaka Kigoma, kisha basi la Kasulu. Tutakupokea hapo. Shangazi amesema ukifika mimi nikuamkie upesi nimpishe, kwa sababu ana ugomvi na wewe wa tangu ujana wenu, na hataki mgombane mbele za watoto.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Yustina