Fundi wa Saa Haendi Popote

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya sita tangu kaka aondoke. Bado sisomi. Leo nimefungua kitabu cha mwandishi ninayempenda kuliko wote — ukurasa wa kwanza mara nne, na mara ya nne sikujua hata ni mhusika gani ameingia chumbani. Macho yanatembea, kichwa kimebaki nyuma. Mwandishi asiyesoma! Sawa na mpishi asiyeonja.

Mhariri kapiga simu, anauliza prufu za kitabu kipya, zile kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapwa. Nikamwambia nazipitia. Ziko mezani, chini ya pasi.

Kaka alikuwa anafunga kamba za viatu aende gereji. Cha kushoto kilikuwa tayari. Hiyo ndiyo habari yote. Moyo. Daktari alisema hakupata hata nafasi ya kuumia. Nashukuru — na sishukuru.

Jumatano, 6 Machi

Wifi kaleta mfuko wa kaka wa kazini. Hakukaa. Alisema yeye hawezi kuufungua, na mimi ndiye damu yake. Kisha akashuka ngazi mbio, kama aliyeacha jiko linawaka.

Miwani ya kuchomelea. Glavu, moja ina tundu. Na kitabu, kimevalishwa karatasi ya mfuko wa saruji kama daftari la shule. Nikafunua.

Changu! Riwaya yangu ya pili. Nilimpa miaka mitatu iliyopita. Akaipima mkononi, akasema, Kizito hiki, kitafaa kuwekea jeki. Nilicheka mbele yake, nikaenda kulia kwangu. Sikumwuliza tena kama amekisoma. Uoga wetu sisi waandishi.

Alama ya dole gumba, ya grisi, kila ukurasa. Kila ukurasa!

Ijumaa, 8 Machi

Nimesoma! Saa tatu bila kuinuka. Si maneno yangu — yangu nayajua. Penseli yake, pembeni.

“Vuta pumzi hapa.”

“Polepole, fundi rangi machozi yake yako karibu.”

“Karani, tairi halifunguliwi hivyo. Legeza nati kwanza, jeki baadaye.” Karani ni mimi, aliniita hivyo tangu nilipojua kuandika jina langu. Na ni kweli! Wahariri wawili, wahakiki sita, hakuna aliyeliona kosa hilo.

“Hii sentensi nimeirudia mara mbili. Mtoto huyu!”

Hapo nikainuka, nikaenda kusimama dirishani. Nimewahi kusifiwa magazetini. Sijawahi kuinuka kitini kwa sifa hizo.

Halafu sura ya kumi na nne. Fundi wa saa, yule mzee aliyeuza duka lake ili akamtafute bintiye waliyekosana naye, anakufa stesheni kabla hajafika. Nilikionea fahari kifo kile. Niliona riwaya inahitaji uzito. Kaka amezikata kwa mstari kurasa zote nne, na juu, kwa herufi kubwa: HUYU HAENDI POPOTE.

Kuvuta pumzi, kwenda polepole… Alikuwa anamsomea nani?

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda gereji. Sikuwahi kuingia ndani. Siku zote nilimsubiri getini, eti viatu vyangu vitachafuka.

Wamenipokea watatu. Fundi rangi, mwembamba, rangi mpaka kwenye kope. Fundi viti, mama wa makamo, sindano imechomekwa kwenye kola. Na mchomeleaji mwenzake kaka, mtu wa maneno machache.

Kaka walikuwa wanamwita Redio! Miaka miwili, kila mapumziko ya mchana, kompresa ya upepo inazimwa, kaka anakaa kwenye kiti kilichong'olewa basi, anasoma. Vitabu saba. Fundi viti anasema wateja walikuwa wanakuja kuchukua magari yao, wanaishia kukaa juu ya matairi mpaka sura iishe.

Kisha fundi rangi akanisogelea kama anayeuliza siri:

“Dada, wewe si ndiye uliyeandika? Tuambie tu. Alifunguliwa?”

“Nani?”

“Fundi wa saa! Redio alituacha naye mlangoni kwa binti. Kapiga hodi.”

Nikasema — jamani, kwa nini nisinyamaze! — kwamba fundi wa saa hafiki mlangoni. Anafia stesheni.

Ikawa kelele. Fundi rangi akaapa kwamba mzee alipanda treni, akashuka, akapotea mitaani, akamtengenezea saa mwenye nyumba ya wageni ili apate pa kulala. Siku kumi na moja wamesikiliza! Na kitabu kilikuwa wazi mkononi mwa kaka. “Alikuwa anafunua kurasa, dada. Kwa macho yetu.”

Fundi viti akachomoa sindano, akaichomeka tena.

“Sisi tumeshazika mmoja,” akasema. “Wa pili hatumtaki.”

Nimerudi kwa miguu. Siku kumi na moja, kutoka kichwani, uso mkavu, na kufunua kurasa pale panapostahili! Mimi kwa kurasa kumi na moja hujifungia mwezi mzima na kugombana na jirani.

Jumapili, 10 Machi

Nimemsimulia wifi. Amecheka — mara ya kwanza tangu msiba. Kumbe ndiyo maana mume wake alikuwa anajifungia bafuni kila asubuhi, ananong'ona. “Mimi nilidhani anasali!” Akacheka mpaka kilio kikaingilia katikati, tukakiacha kipite.

Jumatatu, 11 Machi

Nimejaribu kwa njia yake: kwa sauti. Kitabu kile kile kilichonishinda wiki jana. Kurasa ishirini, nimesimama, navuta pumzi penye nukta. Imekubali! Jirani kagonga ukuta. Nikaendelea, chini kidogo.

Sikujua kwamba aya ya mvua humo ina mdundo. Kaka angeijua mara moja.

Jumanne, 12 Machi

Nipo gereji, naandika hapa hapa. Nimekuja kuomba, si kusoma: wanisimulie zile siku kumi na moja, niziandike kabla hazijasahaulika.

Wameanza pamoja, wakagombana. Fundi rangi anasema mzee alishuka treni na sanduku. Fundi viti anasema na kikapu, sanduku liliibwa. Mchomeleaji, yule wa maneno machache, ndiye anayekumbuka neno kwa neno! Anafumba macho, na sauti inayotoka ni ya kaka, na kikohozi chake kidogo kabla ya jambo kubwa. Nimeandika tu.

Kurasa kumi na tisa. Nzuri. Nzuri kuliko kifo changu — naandika hili kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa tumefika. Mzee kapangusa viatu. Kapiga hodi. Ndani, nyayo. “Hapo ndipo alipofunga kitabu,” anasema mchomeleaji, anafumbua macho. “Akasema, kesho.”

Hata kompresa hakuna aliyekumbuka kuiwasha. Wote watatu wananitazama.

Nikawaambia sijui. Kweli sijui.

“Lakini unaandika,” anasema fundi viti. “Naona kalamu inakwenda. Soma basi, tusikie.”

Fundi rangi kashasogeza tairi lake karibu. Nina neno moja tu. Nalivutia pumzi.

Karibu —