Wewe Ndiye Uliyemfunda Saumu

Kwa wifi yangu Mwanatumu, huko Vanga.

Shikamoo sikupi, maana mimi ndiye mke wa kaka yako mkubwa, na shikamoo yako naingoja huku Mtopanga tangu nilipohama. Lakini hali nakuuliza. Goti laendeleaje? Na lile jino la mbele, bado limeshika au nalo limekukimbia kama wenzake? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa neno moja la mwili, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Neno hilo litamfikia binti yangu Saumu kwa mdomo wako, au halitamfikia kabisa.

Simu sikupigi. Wewe ukipokea simu waiweka spika, nyumba nzima yasikia mpaka mbuzi. Basi soma peke yako, kwa herufi zile zile tulizozipata ngumbaru, mimi nikiandika na wewe ukinichungulia.

Kwanza tupatane. Nasikia umesema kwenye arusi moja huko kwenu ati nimekuja mjini kulelewa kama paka. Haya. Mtopanga hii yanijua. Jogoo wa jirani alikuwa akiwika saa nane za usiku, nikamtazama mara moja tu, basi. Mpaka leo huwika kwa kunong'ona. Paka gani huyo?

Sasa huyu Saumu. Watu wamwita daktari, lakini ukimwambia kichwa chauma hana hata panadol. Chuo kikuu wamempa kazi ya kuchungua wanawake wanavyozeeka na maradhi yanayowapata. Nikamwambia, "Mwanangu, uzee una nini cha kuchungua? Mtazame shangazi yako, umemaliza kazi." Akacheka, akaenda zake.

Jumamosi akawakusanya kina mama wa mtaa uani kwetu. Mimi nikapika kaimati, nikatandika mkeka, nikajua twaja kuzungumza. Kumbe! Mtoto niliyemzaa mwenyewe akaketi mbele yangu, leso kiunoni, akawauliza watu wazima damu ilikoma vipi, na ndoa ikawaje baadaye, na ukicheka au ukipiga chafya, je, mkojo wakutoka?

Mwanatumu, nikawasukumia sahani ya kaimati ili vinywa vijae.

Nao wakasema! Mama Kadzo, jirani yetu Mgiriama, mtu wa kanisani huyo, akajishika magoti: "Mimi nikipiga chafya, dada, ni kubadilisha nguo. Nilidhani nimerogwa!"

"Nani akuroge na wewe ndiye mchawi?" akamjibu mwenzake, wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Saumu akawaambia, "Si uchawi, mama zangu, na msiseme ni uzee tu. Ni nyama za ndani zimelegea kwa uzazi. Kuna mazoezi yake na kuna daktari wake. Yatibika." Halafu akanigeukia. "Na wewe, mama?"

Mbele za watu! Hata wewe, ambaye haya zako zilikwenda na mafuriko, hapo ungejifunika buibui. Tangu lini mtoto akamuuliza mamake ya kiunoni? Alipovunja ungo, mimi nilisema neno? Nilikaa nje nikapepeta mchele, nikakuita wewe somo yake uje umfunde, ukaingia naye chumbani, na mlipotoka sikuwauliza. Hayo ni ya somo na mwari wake. Mama hayagusi, si kwa kwenda si kwa kurudi. Yeye amesoma mpaka vitabu vimekwisha, hilo kalisahau wapi?

Nikamjibu, "Mimi? Mimi nikipiga chafya huvuja paa la jirani." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, na hapo hapo nikahisi mkeka umelowa.

Ningeinukaje? Nikawapigia porojo. Nikawapa ya chui niliyemfukuza kwa mwiko. Nikawapa ya marehemu kaka yako, tuliposhindana kupanda mnazi nikamshinda, ikabidi anioe kwa aibu. Saumu akinikonyeza, "Mama, kazi yangu," mimi naongeza chui wa pili. Adhana ya alasiri ikalia bado nimekaa. Watu walipokwisha kutoka nikaukunja mkeka, nikauburura mwenyewe hadi bafuni, na Saumu akanisimamia mlangoni.

"Mama, umeniharibia mkutano wote. Watu wanaanza kufunguka, wewe waleta chui!"

"Nipishe, mchungua viuno."

Tangu siku hiyo twapeana chakula bila kutazamana. Yeye anadhani namdharau kazi yake. Akiniona nafua leso kila saa, adhani napenda usafi.

Udhia wenyewe ni swala. Natawadha, nasimama, nikirukuu tu, udhu umekwenda. Narudi bafuni, nasimama tena, nikisujudu, yale yale. Msikitini Ijumaa sendi tena, na hilo sikumwambia mtu. Nimelichukia hili jambo, wallahi, kuliko nilivyokuchukia wewe mwaka ule wa arusi yangu.

Na Saumu mwezi ujao aenda ng'ambo mwaka mzima, akawachungue mabibi wa Kizungu. Dawa i nyumba moja na mimi, yala meza moja na mimi, na mdomo wangu haufunguki. Sitaufungua. Hata nife.

Kwa hiyo ni wewe. Sikuombi, nakuamuru. Kuku niliyekulipa kwa usomo wa Saumu ulimla mpaka shingo, na kazi haijaisha. Toka nje peke yako, mpigie Saumu kabla hajasafiri. Mwambie: mamako naye ni mmoja wa wale. Mwambie anipeleke kwa daktari huyo, awe mwanamke. Na tukiwa njiani asinisemeshe. Yeye atazame dirisha lake, na mimi nitazame langu.

Nisalimie ndugu yangu Bakari, yule fundi baiskeli. Mwalimu wetu wa madrasa mwambie siku hizi jogoo wa jirani anishinda kwa kuamkia dua, lakini si kwa nguvu. Binti yako mshonaji mwambie lile gauni limenibana, kwa kuwa nimenenepa kwa raha, siyo yeye hajui kukata.

Ukimaliza kusoma, itie motoni. Na usicheke, Mwanatumu. Wallahi ukicheka, nakuombea yakutoke papo hapo ulipokaa, tupelekwe pamoja.

Mimi mke wa kaka yako, upende usipende,
Mwanamisi