Mistari Nisiyoiandika

Jumatatu, 7 Julai

Tamthilia ya Zeliha tangu asubuhi. Baba mkwe wake amekohoa tena katikati ya kuomba msamaha. Kikohozi nimekikata, msamaha nimeuacha. Chini yetu mafundi wa gereji wanagonga bodi ya gari, na kila wakigonga tunasimamisha kurekodi. Ndiyo Kisenyi.

Tamthilia ni za Kituruki, sisi tunazitia sauti za Kiswahili. Kila sehemu ina folda yake, ndani ya folda nyingine, ndani ya nyingine. Nimechoka kuandika njia nzima kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kila ninapotaka kuhama. Kwa hiyo nimeandika programu ndogo, nimeiita ruka. Unaandika ruka zeliha, inakupeleka kwenye folda ya Zeliha.

Haikupeleki. Inaandika "Nimefika", chini yake njia ya folda, basi imemaliza. Nikitazama, terminali ipo palepale.

Nimerudia hadi nikaona aibu.

Jumanne, 8 Julai

Bado. Nimeiambia ruka, kabla haijamaliza, iangalie iko wapi na iniambie. Ikasema iko kwenye folda ya Zeliha. Ikamaliza. Nikaiuliza terminali swali hilohilo. Iko pale nilipoanzia, haijasogea.

Mmoja wao ananidanganya.

Okello alikuwa nyuma yangu anatazama. Yeye ndiye fundi wetu wa kurekodi. Mtoto wa polisi, amekulia kota za Nsambya, baba Mwacholi na mama Mnubi, na Kiswahili ndicho kilichowaoza. Kompyuta ya kuhariria ni moja. Nisipokuwepo, anakaa yeye.

"Dada Wanza, hiyo kitu iko na sababu," amesema, akatabasamu, akarudi studio.

Sikumuuliza sababu gani. Sipendi mtu anayejua jambo halafu anatabasamu.

Alhamisi, 10 Julai

Siku mbaya. Hajati, mwenye studio, ametuita sote chumba cha nyuma. Mkononi ana flash aliyoinunua kwenye paki ya teksi. Juu yake pameandikwa Zeliha kwa kalamu ya wino mzito, na ni sehemu ambazo sisi hatujazitoa.

"Mwizi iko ndani ya hii nyumba," amesema. "Simjui. Nitamjua."

Alitutazama mmoja mmoja. Kwangu alikawia. Au nilidhani. Mimi ndiye Mkenya peke yangu hapa, na mgeni hukaguliwa kwanza. Hata kwetu Machakos tunafanya hivyo.

Nimewaza njia nzima hadi chumbani. Waigizaji wa sauti hawagusi mafaili. Anayeweza kuyanakili ni mimi au Okello. Mimi sijanakili.

Sitaki kuwaza hivyo. Nawaza hivyo.

Jumamosi, 12 Julai

Jana sikwenda kazini, jino. Leo nusu ya uso bado nzito.

Nimefungua kompyuta, nikaandika ruka zeliha kwa mazoea tu. Terminali imehama. Moja kwa moja, folda ya Zeliha, kimya. Nikajaribu tamthilia nyingine. Imehama.

Sijagusa kitu. Programu yangu nimeifungua, ni ileile, haina hata nukta mpya. Kitu kilichokataa wiki nzima hakikubali chenyewe.

Nimetafuta. Kuna faili ambalo terminali hulisoma kila inapofunguliwa, la mipangilio. Mwisho wake kuna mistari ambayo sikuiandika. Imepewa jina la ruka. Yaani nikiandika ruka, anayejibu kwanza si programu yangu. Ni hiyo mistari. Ndiyo inayoiita programu yangu, inachukua inachosema, inakitumia.

Mtu amejificha nyuma ya jina la kitu changu. Kila ninachoandika kinapita kwake kwanza.

Jana alikaa Okello.

Nimeifuta. Nimebadilisha nywila ya kompyuta. Kisha nimeingia kwenye seva ya sauti, ambayo naisimamia mimi, nikamwondoa Okello asiweze kuingia. Sijamwambia mtu. Nitamwona atakavyofanya akikuta mlango umefungwa.

Nilihisi nimemshika.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliwaza anavyotoka nje kila akipigiwa simu. Anavyofunga begi lake zipu zote. Alivyosema "iko na sababu". Kila nikumbukalo lina meno.

Jumatatu, 14 Julai

Sikujua kwamba leo ndiyo siku ya mteja.

Ni mama mmoja wa Luzira, ana ghala karibu na Port Bell, anapeleka tamthilia kwenye vibanda vya video vya visiwani. Hajati alimtuma Okello na laptopu akamsikilizishe sauti za mwisho, moja kwa moja kutoka seva. Nilipopata habari Okello alikuwa ameshafika huko.

Seva ikamkataa. Akajaribu tena, mteja amekaa mbele yake na wanawe na jirani zake. Akanipigia. Niliiona simu inaita. Nikaiacha iite.

Mteja amekasirika, amesema hatuna utaratibu, kazi atawapa wengine. Amempigia Hajati mwenyewe.

Okello aliporudi shati lilikuwa limelowa jasho. Hajati akamuuliza mbele ya watu: "Mafaili iko wapi? Umeuza, sasa unajifanya imekataa?" Okello alisema, "Hajati, mimi sijui. Imenifungia tu." Akanitazama. Si kwa hasira. Kwa kuomba. Alijua naisimamia mimi, alidhani nitasema kuna hitilafu.

Nikatazama kioo cha kompyuta.

Hajati amemwambia abaki nyumbani hadi amwite.

Jumanne, 15 Julai

Meza yake ni tupu. Hajati ametulia. Mimi nilitegemea nitulie.

Ruka, baada ya kufuta ile mistari, imerudia tabia yake. "Nimefika." Haijafika. Nimekasirika nayo kama mtu. Nimeapa kesho naimaliza mwenyewe, bila msaada wa mwizi.

Jumatano, 16 Julai

Nimesoma asubuhi nzima. Kazi ya Zeliha sikuigusa.

Hakuna aliyenidanganya. Ndani ya terminali kuna sheli, ile inayopokea amri. Ukiamuru programu ianze, sheli inakuwa mzazi, programu inazaliwa mtoto. Mtoto anapewa nakala yake ya mahali mzazi alipo. Akihama, amehama yeye. Kazi ikiisha anakufa, na mzazi amekaa palepale. Mtoto hamhamishi mzazi, mfumo haumpi njia hiyo. Ruka ilikuwa inahama kweli. Terminali ilikuwa haihami kweli. Wote wawili walisema ukweli na mimi nikatafuta mwongo.

Dawa yake: mtoto ataje njia tu, mzazi ajihamishe mwenyewe. Ni lazima maagizo yakae ndani ya sheli yenyewe, katika lile faili la mipangilio. Unayapa jina ruka ili usibadilishe mazoea. Yanaiita programu, yanachukua mstari wake wa mwisho, ule wenye njia ya folda, halafu sheli inahama yenyewe.

Nimeyaandika. Yamekubali mara ya kwanza. Nimefurahi kwa kiasi cha pumzi moja.

Kisha nikatazama nilichoandika. Ni ileile mistari. Jina lilelile, mpangilio uleule, hata ule ujanja wa kuchukua mstari wa mwisho. Nilichofuta Jumamosi nimekiandika upya kwa mkono wangu leo.

Haikuwa inaiba kitu. Ilikuwa inanihamisha.

Nimeenda chooni nikanawa uso. Sikuweza kurudi kwenye kiti.

Alhamisi, 17 Julai

Sikulala vizuri. Ruka si ushahidi kuhusu flash, nilijiambia. Anaweza kuwa mwema kwa ruka na mwizi kwa Zeliha. Nikaona jinsi ninavyong'ang'ania. Nataka awe mwizi ili mimi niwe sawa.

Nimeenda paki ya teksi, nikanunua flash kama ya Hajati. Nimeichomeka kwenye simu, nikaisikiliza kwenye ngazi kabla ya kupanda.

Si sisi.

Picha ni zilezile, sauti siyo. Zeliha wao ana sauti nene, anaongea Kiswahili cha bara, kama cha kwetu Machakos. Baba mkwe hakohoi hata kidogo. Ni watu wengine kabisa, wametia sauti yao kwenye tamthilia hiyohiyo na wametutangulia. Hakuna aliyeiba faili letu lolote. Hajati aliona jina na picha, akaizima. Mimi sikuomba hata kuisikia.

Nimeingia kwake. Nimemwekea headphone masikioni. Alisikiliza, akaitoa polepole, akashangaa kwa Kiganda, "Banange." Halafu nikamwambia kuhusu seva. Kwamba ni mimi niliyemfungia Okello, na nilijua Jumatatu wakati anaulizwa.

"Nilimwita mwizi mbele ya watu," alisema, "na wewe ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa pale, Hajati."

Amempigia Okello. Hapokei. Ameniambia niende mimi.

Ijumaa, 18 Julai

Kota za Nsambya. Nyumba zimebanana, nguo kila kamba, watoto wanaongea Kiswahili kimoja na matusi ya lugha zote. Niliuliza nikaonyeshwa.

Mama yake alikuwa mkekani anasuka sinia la majani ya rangi, vidole havisimami. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika, akanipa chai kabla hajaniuliza jina. Nilipomwambia nafanya kazi na mwanawe, akasema, "Huyu mtoto nakaa ndani kama mgonjwa. Baba yake nauliza, mimi sina ya kumjibia. Mzee ni polisi, mama. Hii maneno ya wizi nyumbani kwa polisi, unajua?"

Sikujua. Sikuwaza hata mara moja kwamba lingefika nyumbani kwa mtu.

Okello akatoka. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa ningepunguza. Flash. Seva. Simu niliyoiacha iite.

"Ile Ijumaa ulikuwa na jino," alisema. "Mimi nikasema acha nikusaidie. Nilitaka ushangae kwanza, halafu nikueleze. Jumamosi Hajati akanituma kununua nyaya, nikarudi ukiwa umeenda." Akafikiri. "Uliona mistari yangu?"

"Niliiona."

"Ulisoma?"

"Nusu."

"Halafu?"

"Nikafuta."

Akatikisa kichwa. "Na sasa umeandika nini pale?"

"Ileile."

Alicheka. Kicheko kifupi, kilimtoka bila yeye kutaka. Kisha kikaisha, akawa ananitazama tu.

"Ungeniuliza, Dada," alisema. "Meza yangu iko hapo."

Mama yake hakuinua macho kwenye sinia. Nilimwambia samahani na yeye pia. Akasema ninywe chai, inapoa.

Jumatatu, 21 Julai

Hajati amewakusanya wote waliokuwepo siku ile, amesema alikosea, kwa sauti kubwa, huku mafundi chini wanagonga. Akarudia walipoacha kugonga. Okello alikuwepo. Alisema sawa.

Nami nilisema langu. Lilikuwa refu kuliko lake na halikutoka vizuri. Mwigizaji wa baba mkwe amenitazama vibaya siku nzima. Ana haki.

Nimemrudisha Okello kwenye seva. Nimempa na yeye uwezo wa kuisimamia, sawa na wangu. Mteja wa Luzira harudi. Hajati alimwendea mwenyewe, akakuta ameshafunga na wengine. Labda ni walewale wa Zeliha mwenye sauti nene.

Alhamisi, 24 Julai

Umeme umekatika kabla ya mchana. Gereji nayo kimya. Tumetoka wote kwenye kibaraza cha ghorofani.

Okello alikuwa amenunua fenesi. Alijipaka mafuta mikononi, akalipasua, akawa anatoa vipande na kugawa. Hajati, baba mkwe wetu, Zeliha wetu. Kisha akanipa na mimi. Kidogo kuliko vya wengine, nilifikiri. Nikaangalia tena. Vilikuwa sawa.

Nimekila. Kilikuwa kitamu. Umeme uliporudi tukanawa mikono tukaingia ndani.